Moshi Hauachi Kipande

Jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi kaskazini mwa Mlima Kenya tangu miaka ya uhuru. Wanajeshi huja, hulenga shabaha, hurudi kwao. Lakini mabomu mengine hayakulipuka. Yalibaki kwenye nyasi za Dol Dol na Archer's Post, malisho ya Wamaasai na Wasamburu. Mtoto anachunga mbuzi, anaokota chuma, basi.

Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa wahasiriwa zaidi ya 200. Ushahidi ulikuwa mwilini: mkono haupo, kipande cha chuma kipo.

Halafu Machi 2021, moto ukazuka Lolldaiga, Laikipia, wakati wa mazoezi ya jeshi hilohilo. Zaidi ya ekari 10,000 ziliungua. Wakazi wakalalamika kuhusu macho na vifua, wakaenda mahakamani Nanyuki. Mwaka 2025 Uingereza ikakubali kulipa karibu pauni milioni 2.9, kwa walalamishi zaidi ya 7,700. Piga hesabu: kwa wastani haifiki pauni 400 kwa mtu.

Mimi naona shida iko hapa. Moshi hauachi kipande. Mama anayekohoa ataulizwa, utajuaje ni ule moto na si moshi wa jikoni kwako? Eti athibitishe yeye, na pengine hana hata kadi ya zahanati. Si wapime hewa, maji na vifua vya majirani kabla ya mazoezi, kisha wapime tena wakimaliza?