Angani Juu ya Petite Barrière

Ukisimama kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, upande wa Gisenyi, Rwanda, ukatazama juu kabisa kisha ukashusha macho nyuzi nne hivi kuelekea Goma, unatazama mahali ilipo setilaiti iitwayo Es'hail-2. Kwa macho huioni. Iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwenye longitudo ya 25.9 Mashariki, yaani juu ya misitu ya Tshopo, kusini-mashariki ya Kisangani. Inazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo haichomozi wala haitui. Usiku na mchana iko palepale. Mwenye nayo ni kampuni ya Qatar, na kazi yake kubwa ni televisheni. Lakini ndani yake umo mtambo usiouzwa wala kukodishwa, uliotengwa kwa ajili ya waendesha redio wa ridhaa, watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, bila malipo na bila biashara. Wenyewe wanauita QO-100.

Chini yake ni mpaka unaovukwa kwa miguu zaidi kuliko mingi barani Afrika. Kabla ya korona, watu makumi ya maelfu walipita hapa kila siku: akina mama wenye karoti na nyanya vichwani, wanafunzi, wachuuzi wa maziwa, walemavu wenye baiskeli zao za mikono zilizosheheni magunia. Serikali za Rwanda na Congo zikikosana, saa za kuvuka hupunguzwa na biashara ya siku huharibika. Kilichoko juu hakina saa ya kufunga. Na historia yake inatuhusu, kwa sababu ukanda wetu umeingia katika habari za mawasiliano ya anga mara nyingi kuliko tunavyofundishwa shuleni.

Mambo ya setilaiti za ridhaa yalianza tarehe 12 Desemba 1961, miaka minne tu baada ya Sputnik. Roketi ya kijeshi ya Marekani iliruka kutoka Vandenberg, California, na pembeni mwa mzigo wake mkuu ilibeba kisanduku cha kilo 4.5 hivi. Kisanduku hicho, OSCAR 1, kilitengenezwa na waendesha redio wa California katika gereji zao, baada ya saa za kazi. Springi ya kukisukuma nje ya roketi ilinunuliwa dukani kwa dola moja na senti kidogo. Redio yake ilikuwa na nguvu ya wati 0.14, na ilichokisema ni kimoja tu: nukta nne, kisha nukta mbili, herufi H na I za Morse, tena na tena. Kasi ya nukta hizo ilibadilika kulingana na joto la ndani, hivyo mwenye saa na masikio mazuri aliweza kujua hali ya chombo angani. Betri ilidumu wiki tatu hivi. Katika muda huo, watu zaidi ya 500 kutoka nchi 28 walituma taarifa za walichosikia. Hakuna aliyewalipa.

Mwaka 1969 iliundwa jumuiya ya setilaiti za ridhaa, AMSAT, mjini Washington, na tarehe 15 Novemba 1974 ikarushwa setilaiti AO-7, ambayo habari zake hazichoshi kusimuliwa. Betri zake zilikufa mwaka 1981, ikazikwa kwenye vitabu. Mwaka 2002 sauti yake ikasikika tena. Betri zilizoharibika zilikuwa zimeacha kuikaba, na paneli zake za jua zikawa zinaiwasha moja kwa moja. Tangu hapo imekuwa ikiamka kila inapopigwa na jua na kunyamaza inapoingia kivulini.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa kazini miaka ileile, ingawa kwa shughuli za wakubwa. Huko Tunguu, Unguja, shirika la anga la Marekani, NASA, lilijenga kituo cha kuwasiliana na vyombo vya mradi wa Mercury. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alizungumza na kituo hicho akipita juu ya pwani yetu. Wazanzibari wengi hawakukipenda. Katika siasa za wakati ule kilisemwa kuwa ni kambi ya makombora, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Karume iliamuru kiondoke. Mwezi Aprili kikafungwa. Upande wa Kenya, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walirusha roketi kutoka kwenye majukwaa ya baharini katika ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, iliruka kutoka pale setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miali ya X ya nyota, ikapewa jina la Uhuru. Mwaka huohuo kituo cha setilaiti cha Longonot, katika Bonde la Ufa, kilianza kupokea simu za kimataifa.

Lakini wananchi wa kawaida walipata nini katika hayo yote? Wavuvi wa Ungwana waliona moshi wa roketi. Watu wa Tunguu waliona uzio.

Setilaiti iliyowafikia watu wetu kweli ilitoka kwa wale wa ridhaa. Katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kijana aitwaye Martin Sweeting, mwendesha redio tangu shuleni, aliunda na wenzake setilaiti ndogo, UoSAT-1, iliyorushwa Oktoba 1981. Setilaiti zilizoifuata zilikuwa na kitu kipya: uwezo wa kutunza ujumbe. Setilaiti iliweza kupokea ujumbe wa maandishi ikipita juu ya bara moja, ikautunza, kisha ikautema ikipita juu ya bara jingine. Huko Boston, daktari wa moyo Bernard Lown, ambaye shirika alilolianzisha pamoja na Mrusi Yevgeny Chazov lilipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1985, alikuwa akitafuta njia ya kuwaunganisha madaktari wa nchi maskini na maktaba za tiba. Akakutana na teknolojia hii. UoSAT-3 ilirushwa tarehe 22 Januari 1990, na mtandao wake wa HealthNet ukaanza kuitumia, vituo vyake vya kwanza vikiwa Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Msumbiji.

Ebu mfikirie daktari wa Kampala au Dar es Salaam wakati ule. Simu ya Ulaya ni ya kuomba na kungoja, gharama yake inatisha, jarida la tiba linafika likiwa limechelewa miezi. Katika chumba kimoja cha chuo kuna kompyuta, redio, na antena mbili juu ya paa. Anaandika swali lake. Setilaiti, ikiwa kilomita 800 juu, inachomoza upande mmoja wa upeo na kutua upande wa pili ndani ya dakika kumi na tano hivi, mara chache kwa siku. Katika dakika hizo maneno yake yanapanda, na majibu ya jana yanashuka. Mwaka 1993 ilifuata HealthSat-2. Kabla watu wetu wengi hawajalisikia neno intaneti, madaktari wa Maziwa Makuu walikuwa tayari wanaandikiana barua za umeme kupitia chombo kilichobuniwa na watu wa redio ya ridhaa. Mimi naliona hili kuwa tukio kubwa kuliko roketi zote za Ungwana, na inasikitisha kuwa halimo katika vitabu vya watoto wetu. UoSAT-3 ilipomaliza utumishi huo ilirudishwa kwa wenyewe: kuanzia mwaka 2000 ikawa kituo cha sauti cha waendesha redio, hadi ikanyamaza mwaka 2003.

Gisenyi ilijua redio ya aina nyingine. Kwa miongo mingi redio ya mbali ilikuwa ni masafa mafupi, na Rwanda ilikuwa na mitambo mikubwa ya Deutsche Welle pale Kigali, iliyofanya kazi tangu 1965 hadi 2015. Halafu ikaja RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993 na kuwachochea watu katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Serikali ya muda iliyokuwa ikishindwa vita ilikimbilia hapahapa Gisenyi. Katikati ya Julai mji ulianguka, na ndani ya siku chache watu wanaokaribia milioni moja walipita kwenye vizuizi hivi viwili, Grande na Petite, kuingia Goma, ambako kipindupindu kiliwangoja. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani viongozi wa RTLM. Tangu hapo, na kwa vita ambavyo havijaisha upande wa pili, antena yoyote ngeni juu ya paa la mtu huulizwa maswali. Maswali hayo yana haki yake.

Ndiyo maana inafaa kueleza redio ya ridhaa inaendeshwaje. Kanuni za kimataifa zinakataza kuficha maana ya maneno kwa misimbo. Kila anayerusha hutaja alama yake ya wito: ya Rwanda huanza na 9X, ya Congo 9Q, ya Burundi 9U, ya Tanzania 5H, ya Uganda 5X, ya Kenya 5Z. Biashara hairuhusiwi. Yeyote mwenye kipokezi anasikia kila neno na anajua limetoka kwa nani. Redio iliyouharibu mji huu ilimsemesha mmoja na wote wakanyamaza. Hii kila anayesikia mwenye leseni anaweza kujibu kwa jina lake. Tena kanuni hizohizo zinazihimiza nchi ziwaruhusu watu hawa wajiandae kusaidia wakati wa maafa. Hapa maafa si habari ya mbali. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, maelfu walivuka kuja Gisenyi, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta za nyumba pande zote mbili.

Es'hail-2 ilirushwa kutoka Florida tarehe 15 Novemba 2018, miaka 44 kamili tangu AO-7. Jumuiya ya waendesha redio ya Qatar na wenzao wa AMSAT ya Ujerumani walikuwa wameiomba kampuni itenge nafasi kidogo, na Februari 2019 milango ikafunguliwa. Kabla ya hapo setilaiti za ridhaa zilikuwa za kukimbizwa angani kwa antena. Hii ni ya kwanza ya aina yake iliyotulia mahali pamoja. Inamulika kuanzia Brazili hadi Thailand, na Afrika nzima. Hata kituo cha Wajerumani cha Neumayer, kwenye barafu ya Antaktika, kinaitumia. Unarusha kwa wati chache kwenye megahezi 2,400, jirani na masafa ya Wi-Fi, na sauti yako inarudi baada ya robo ya sekunde. Ukizidisha nguvu ukawafunika wengine, mfumo uitwao LEILA unakupigia king'ora juu ya sauti yako mwenyewe hadi upunguze.

Kwa Gisenyi kuna faida na kero ya pekee. Faida ni kwamba ni mahali pachache duniani palipo karibu hivi na nukta iliyo chini kabisa ya setilaiti hii. Hakuna mlima wala ghorofa la kukuziba. Kero ni mvua. Dishi kubwa la mviringo, lile lenye kichwa cha kupokelea, LNB, katikati, likielekezwa huko hulala chali kama beseni, na mvua ya Virunga hulijaza. Dawa ni kulitoboa tundu dogo chini. Madishi madogo ya televisheni ya siku hizi yanasimama kwa mshazari, hayana shida hiyo.

Sisi na jirani zetu tumeanza kupanda. Kenya ilipeleka setilaiti 1KUNS-PF mwaka 2018. RWASAT-1 ya Rwanda, iliyoundwa na wahandisi Wanyarwanda pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Novemba 2019. PearlAfricaSat-1 ya Uganda ilifuata Desemba 2022, nayo ilibeba kifaa cha redio ya ridhaa. Na wanafunzi wa kisiwa cha Nkombo, kusini mwa ziwa letu hili la Kivu, waliipa jina la Icyerekezo setilaiti moja ya kampuni ya OneWeb iliyorushwa Februari 2019. Hizi ni hatua za serikali na vyuo. Za mtu mmojammoja, za mwalimu na wanafunzi wake jioni baada ya masomo, bado ni haba mno, na ningependa zianzie kwenye miji hii miwili.

Kurusha kunahitaji leseni: kwa Rwanda ni RURA, na upande wa pili ni mamlaka ya mawasiliano ya Congo. Mwalimu anayetaka kuanza aanze na kusikiliza, na awaarifu viongozi wa mtaa kabla ya kufunga chochote, hasa hapa mpakani. Dishi kuukuu la sentimita 80 linatosha, na LNB ya kawaida, kipokezi kidogo cha SDR cha kuchomeka kwenye USB, na kompyuta yoyote. Kutoka Gisenyi, lielekeze nyuzi 297 kutoka kaskazini ya kweli na uliinue nyuzi 85.6. Tafuta mlio wa kudumu wa kuongozea kwenye megahezi 10,489.750, ipe LNB muda ipate joto maana masafa yake huhama mwanzoni, kisha sogea juu au chini taratibu mpaka usikie mtu akitaja alama yake ya wito.