Kabureta Nayo Ina Historia

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka tuzungumze juu ya mali ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa mali. Nayo ni kabureta, manifodi na pampu zilizoingiza hewa na petroli katika injini za magari ya mashindano yaliyopata kupita katika nchi zetu.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Barabara za milima ya Usambara nazo zilitumika katika miaka hiyo. Kwetu Mtae, tunakokaa ukingoni mwa mlima na kuitazama nyika ya Mkomazi chini yetu, mtu hahitaji kueleza maana ya barabara mbaya. Lakini mlima haupimi matairi na springi peke yake. Mlima hupima pumzi ya gari.

Kwa kila mita 100 unazopanda, uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 1. Kutoka Mombo hadi Lushoto tunapanda kiasi cha mita 1,000, kwa hiyo injini inapungukiwa na karibu sehemu moja ya kumi ya hewa yake. Kabureta ya kawaida iliyorekebishwa Tanga itaendelea kumwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ndipo utaona moshi mweusi nyuma, na gari linachoka kama mtu aliyebeba gunia la viazi. Kwa sababu hiyo, waliotaka kushinda walishughulikia kwanza njia ya hewa.

Hebu tazama mifano. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, gari lenye kabureta mbili za SU. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, alishinda Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Peugeot 404 yao haikuwa na kabureta hata moja, bali pampu ya Kugelfischer kutoka Ujerumani, iliyopima petroli na kuisukuma kwa kila silinda. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm wa Ulaya walishinda kwa Ford Escort RS1600, yenye kabureta za Weber za midomo miwili, kila silinda na mdomo wake. Katika miaka saba tu, unaweza kuisoma safari nzima ya ufundi wa injini katika vyuma hivyo vitatu.

Viko wapi leo? Baada ya mpaka wetu na Kenya kufungwa mwaka 1977, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika na spea zikawa dhahabu. Mafundi wetu hawakuwa na uchaguzi. Pampu iliyokosa spea iling'olewa, ikafungwa kabureta yoyote iliyopatikana, na gari likaendelea kubeba abiria na mboga. Siwalaumu hata kidogo, kwani waliiweka nchi barabarani. Lakini kilichong'olewa kilitupwa nyuma ya gereji, na kwa kuwa kabureta na manifodi nyingi ni za aluminiamu, wauza vyuma chakavu huzinunua kwa kilo na kuziyeyusha kuwa sufuria.

Na sheria haitatusaidia sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa kale kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kabureta ya mwaka 1965 haimo. Kinga yake ni daftari lako wewe na mimi.

Basi tuandike nini? Kwanza, usisugue kwa msasa wala brashi ya waya, maana utafuta namba ambazo ndizo ushahidi wenyewe. Osha kwa mafuta ya taa na brashi laini. Pili, tenganisha namba zilizotoka na kalibu na zile zilizogongwa baadaye. Namba ya kalibu hukuambia umbo lilikotoka, bali namba iliyogongwa hukuambia aina hasa. Weber iliyoandikwa 45 DCOE ina mdomo wa milimita 45 penye kipepeo, na jeti yenye namba 120 ina tundu la milimita 1.20. Kwenye SU ya aina ya HS6, ile 6 ni sehemu za nane zinazoongezwa juu ya inchi 1, yaani inchi 1 na robo tatu. Namba kamili ya SU huwa kwenye kibati kidogo kilichofungwa kwa skrubu juu ya bakuli la petroli. Kibati hicho hupotea upesi, kwa hiyo ukikikuta kiandike siku hiyo hiyo. Tatu, pima kwa rula, piga picha pande zote, na uandike imetoka kwa nani, wapi na lini.

Hapa ndipo penye mtihani. Tangu mwaka 2003 magari ya zamani yamekuwa yakishindana tena katika Afrika Mashariki, na watu wa mbali wanatafuta vyuma hivi kwa bei nzuri. Bei nzuri huzaa maneno. Utaambiwa, "Kabureta hii ilikuwa ya Joginder." Lakini SU za namna hiyo zilifungwa kwenye Volvo nyingi za watu wa kawaida! Namba inathibitisha aina, haithibitishi mwenyewe. Kwa hiyo daftari liwe na safu mbili: niliyoyaona kwa macho, na niliyoambiwa. Ukizichanganya, umemwibia mnunuzi leo, na kesho umewaibia wajukuu zako historia.

Mimi ningeongeza safu ya tatu: jina la fundi. Majina ya madereva yamehifadhiwa vitabuni. Lakini yule aliyefungua pampu ile usiku kwa taa ya kandili, akaifunga tena ikafanya kazi, hayumo katika kitabu chochote. Wengi wa mafundi hao ni wazee sana sasa. Sufuria inaweza kungoja wiki moja. Mzee huenda asingoje. Tukamwulize mapema, tukiwa na kalamu mkononi.

Kwa leo naishia hapa.