Magogo Mawili ya Kalambo

Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kuyagawa maisha ya binadamu wa kale katika mafungu matatu: Zama za Mawe za Kale, Zama za Mawe za Kati na Zama za Mawe za Mwisho. Tulikariri, tukajibia mitihani. Picha iliyotubakia kichwani ni ya mtu anayetangatanga na jiwe mkononi, hana makao, hana ufundi, hana mpango wa kesho. Leo nataka tuzungumze jinsi picha hiyo ilivyotiwa dosari na magogo mawili ya mti yaliyofukuliwa mpakani mwetu na Zambia, upande wa Ufipa.

Mto Kalambo unatoka nyanda za juu na kuelekea Ziwa Tanganyika. Kabla haujafika ziwani, ardhi inakatika ghafla kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na maji yanaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 220. Maporomoko ya Victoria, ambayo dunia nzima inayajua, yana mita 108. Maji ya Kalambo ni machache kuliko yale ya Zambezi, lakini kwa urefu wa kuanguka yanayapita mara mbili.

Likizo ya Juni iliyopita nilikwenda huko na familia yangu. Kutoka Sumbawanga tulipitia Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, hadi kijiji cha Kapozwa. Tulifuatana na mjomba wa mke wangu, mzee mwenyeji wa Matai. Watoto walifanya yale wafanyayo watoto: walipiga kelele, walirusha majani wayaone yakipeperuka, walipiga picha. Kisha binti yetu akanyoosha kidole ng'ambo ya korongo na kuuliza, "Babu, kule ni nchi nyingine?" Mzee akamjibu, "Kule ni kwa ndugu zetu, mjukuu wangu. Walungu wa huku na wa kule ni wamoja. Nchi nyingine ni ya makaratasi."

Karatasi yenyewe inajulikana. Ni mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana maeneo yao katika Afrika. Waliandika kwamba mpaka utaufuata mto huu mpaka unapoingia Ziwa Tanganyika. Kwa sentensi moja ya mezani, ukingo mmoja ukawa wa Mjerumani na mwingine wa Mwingereza. Ndiyo sababu mambo nitakayoyasimulia yalitokea ukingo wa pili, ambao leo ni Zambia.

Mwaka 1953 mtaalamu wa mambo ya kale, Desmond Clark, aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya mjini Livingstone, alianza kuchunguza ukingo wa mto juu kidogo ya maporomoko. Alikuta zana za mawe, na pamoja nazo vipande vya mti vya kale sana. Lakini wakati ule hapakuwa na njia ya kuupima umri mkubwa kiasi hicho. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilirudi kuchimba hapo, na taarifa yao ikatoka mwaka 2023 katika jarida la Nature. Walikuwa wamepata magogo mawili yaliyopishana, lile la juu limechongwa mkato ili likae sawasawa juu ya lile la chini. Mchanga ulioyafunika ulipimwa, na umri ukaonekana kuwa miaka kama 476,000.

Hebu tuutafakari umri huo. Mifupa ya kale kabisa inayohesabiwa kuwa ya watu wa aina yetu, iliyopatikana Moroko, ina miaka kama 300,000. Kwa hiyo fundi wa Kalambo alitutangulia sote. Aliuchagua mti, akaukata, akapima, akaunganisha. Huenda alikuwa akijenga jukwaa, njia ya kupita penye maji, au msingi wa kibanda. Vyovyote iwavyo, mtu asiye na mpango wa kesho haungi gogo kwa gogo.

Sasa tujiulize: kwa nini mti haukuoza? Ni kwa sababu ulizikwa katika mchanga uliolowa daima, usioingia hewa. Kwingineko mti wa umri huo umekwisha kuwa udongo, jiwe likabaki peke yake. Basi tunaposema "Zama za Mawe", tunataja kilichobaki, si kile walichokuwa nacho. Wahenga walisema: lisilokuwepo machoni, na moyoni halipo. Ndivyo tulivyowahukumu wazee wetu.

Na hukumu hiyo haikuishia kwa watu wa kale. Katika nyanda za Ufipa kuna malungu, matanuri ya udongo yanayompita mtu kwa urefu, ambayo Wafipa walifulia chuma. Yalijengwa kwa ustadi kiasi kwamba hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri dogo la kusafishia. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, majembe ya dukani yalipoenea. Baadhi ya malungu bado yamesimama, lakini kila msimu wa mvua huyapunguza. Udongo wa malungu haukupata bahati ya magogo ya Kalambo. Hauna mchanga wa kuuficha. Ukimomonyoka wote, mjukuu atakayesoma kwamba Ufipa haikuwa na viwanda hatakuwa na cha kujibu.

Zambia iliweka eneo la Kalambo katika orodha yake ya maeneo yanayopendekezwa kwa urithi wa dunia mwaka 2009. Ni vyema. Lakini maporomoko ni ya wote wawili, na historia haikusaini mkataba wa Berlin. Mzazi mwenye nafasi na awapeleke watoto Kalambo, na asiwaonyeshe maji tu. Awaambie habari za magogo. Akipita penye lungu, asimamishe gari, amtafute mzee wa kijiji, na amwombe asimulie angali hai.