Majina ya Maneno ya Kila Siku Yana Historia

Wapo wanaoona haya kumwita mtoto Shida, Tabu, Mashaka au Sikujua, wakidai hayo ni maneno tu wala si majina. Historia yetu inawapinga. Kabla vyeti vya kuzaliwa havijaenea, jina ndilo lililotunza habari za uzazi: Chausiku alizaliwa usiku, Masika wakati wa mvua kubwa, Pili na Tatu waliwafuata ndugu zao. Siasa nayo iliingia humo. Mwaka 1961, Kenya ikiwa bado koloni la Uingereza, Jomo Kenyatta alimwita mwanawe Uhuru. Taifa lilijitawala Desemba 1963.

Hoja yao nzito zaidi ni kwamba jina la dhiki humwandama mtoto. Hofu hiyo ina msingi, kwani jina hubeba hadhi. Lakini tumtazame mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, katika kisiwa ambacho utumwa ulikuwa halali hadi 1897. Jina hilo halikumfunga: alipata jina la heshima, Siti, na mwaka 1928 akarekodi nyimbo za taarabu Bombay. Hata hivyo, jina la kwanza ndilo linalotuonyesha alikotoka na umbali aliopanda. Mzazi ana haki ya kumchagulia mwanawe jina jepesi. Ila tusiyafute ya wazee wetu kwa aibu. Tuwaulize yalitokana na nini, tuyaandike wangali hai.