Mtoro wa Dawa

Mtu aliyepona kifua kikuu mwaka juzi akianza tena kukohoa kanisani, wengi wetu tunakuwa na jibu kabla ya kuuliza swali. Aliacha dawa. Au amerudia pombe. Tunaosoma Maandiko tunaongeza na Yohana sura ya 5, pale Bwana alipomkuta hekaluni yule aliyeugua miaka 38 kando ya birika la Bethzatha, akampa onyo zito kuhusu maisha yake ya mbele. Onyo hilo tunalichukua na kulibandika kifuani mwa jirani yetu, naye siku hiyo hiyo anahamia benchi la mwisho.

Kwa miaka mingi kliniki nazo zilikuwa na neno lao: mtoro. Aliyekatiza dawa aliitwa mtoro, na akirudi, rejista ilisema amerudi baada ya utoro. Kwa Bagamoyo neno hili si jepesi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868, mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, na mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kijiji cha Wakristo cha misheni kilianza na watu waliokombolewa utumwani. Sisi tuliorithi kanisa lao tungepaswa kuwa wa kwanza kulionea neno hilo shaka.

Na tukiitazama historia ya dawa zenyewe, wa kwanza kurudiwa na ugonjwa hawakuwa watoro hata kidogo. Robert Koch alikitangaza kijidudu cha kifua kikuu huko Berlin tarehe 24 Machi 1882, lakini dawa ya kwanza ya kukiua vizuri, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943. Majaribio yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1948 yalileta furaha na hofu kwa pamoja. Wagonjwa waliochomwa sindano hizo walipata nafuu upesi, kisha baada ya miezi michache vijidudu vya wengi wao vikawa havisikii tena dawa, na baadhi yao wakaanguka upya. Watu hao walikuwa wamelazwa hospitalini, wakichomwa kila sindano waliyopangiwa. Kosa lilikuwa la tiba, kwa kutegemea dawa moja. Kati ya mamilioni ya vijidudu kifuani havikosekani vichache ambavyo dawa hiyo haividhuru. Wenzao wakifa, hivyo vinabaki na uwanja wote. Ndiyo maana mpaka leo mgonjwa hupewa dawa kadhaa kwa mpigo.

Kwetu, hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro ilianza mwaka 1926, wakati ambapo tiba ilikuwa chakula, hewa safi na kulala. Dawa zilipokuja, kwa muda mrefu mgonjwa alitakiwa kuzitumia mwaka mzima, na wengi hawakufika mwisho. Mwaka 1977 Serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikisaidiwa na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Huyu alikuwa ameugua kifua kikuu yeye mwenyewe akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Mpango wake haukuwa na maajabu: hadubini, makohozi, rejista inayojazwa kwa uaminifu, mratibu katika kila wilaya, na dawa zisizokatika. Katika miaka ya 1980 ikaingia rifampisini na tiba ya miezi 8, mgonjwa akilazwa miezi 2 ya kwanza. Karibu wagonjwa wanane katika kila kumi walipona. Nchi nyingine maskini ziliiga, na kutoka hapa kwetu mfumo huo ukaenea duniani.

Ndani yake waliorudi walitengewa nafasi yao. Walipewa dawa tano kwa miezi 2, pamoja na sindano ya streptomaisini kila siku, kisha dawa nne mwezi mmoja, kisha tatu kwa miezi 5. Rifampisini ilikuwa ghali wakati huo, na ingekuwa rahisi kusema kwamba aliyeichezea mara ya kwanza asipewe tena. Haikusemwa hivyo. Aliyerudi alipewa dawa nyingi kuliko mgeni, na hilo kwetu linafanana sana na jibu alilopewa Petro alipouliza kuhusu idadi ya kusamehe.

Lakini tusiisifu kupita kiasi. Tiba hiyo haikumuuliza mgonjwa wala makohozi yake kilichotokea. Ilikuwa dawa zile zile alizokwisha kutumia, ikaongezwa moja tu, akapewa kila aliyerudi. Ambaye vijidudu vyake vilikwisha kuwa sugu alimeza na kuchomwa miezi yote hiyo bila kupona, akiendelea kuwaambukiza wa nyumbani kwake. Streptomaisini nayo ina tabia ya kuharibu masikio. Wapo waliotoka katika tiba wakiwa hawasikii vizuri.

Na kwa nini mtu hurudi? Tuseme ni mvuvi wa Bagamoyo. Mwezi wa pili wa dawa kikohozi kimekata na nguvu zimerudi. Msimu unageuka, wenzake wanakwenda dago, na dau halimsubiri mtu wa kliniki. Miezi 8 ni mirefu kuliko kaskazi na ni mirefu kuliko kusi. Yeyote aliyepanga tiba hiyo hakuwa mvuvi. Huyo kweli alikatiza. Mwingine alimaliza kila kidonge, akapona, akaambukizwa upya katika chumba kile kile kisicho na dirisha. Wa tatu aliambukizwa tangu mwanzo vijidudu sugu kutoka kwa mtu mwingine. Kisha ukaja UKIMWI, uliotambuliwa nchini mwaka 1983, ukavunja kinga za watu, na kifua kikuu kikapata mlango wazi wa kuingia hata mara ya pili na ya tatu. Wote hawa wakisimama kanisani wanakohoa sawasawa. Kwa sikio huwezi kuwatofautisha.

Mwaka 2009 Kibong'oto ilianza kutibu kifua kikuu sugu. Kwa mgonjwa wa pwani hiyo ilimaanisha kutwa nzima ndani ya basi mpaka Kilimanjaro, kisha miezi kitandani kwenye baridi ya mlimani, mbali na watoto. Mwishoni mwa 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mashine ya GeneXpert, ambayo kwa muda usiofika saa mbili huonyesha kama makohozi yana vijidudu vya kifua kikuu na kama rifampisini bado inaviweza. Hapa Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara, yenye kituo chake jirani na hospitali ya wilaya, imekuwa ikiutafiti ugonjwa huu. Mwaka 2017 Shirika hilo likatangaza kwamba ile tiba ya miezi 8 kwa waliorudi isitumike tena: kila anayerudi apimwe kwanza, kisha apewe dawa inayomfaa. Mwaka 2022 likapendekeza tiba ya vidonge vitupu, ya miezi 6, kwa wengi wenye kifua kikuu sugu. Sindano zikaondoka.

Jambo moja dogo lilipita bila kelele. Mwaka 2013, Shirika lilipoandika upya maneno ya rejista, lile neno la utoro liliondolewa, na mahali pake likawekwa neno lenye maana ya mtu aliyepotea katika ufuatiliaji. Mtoro hutafutwa ili aadhibiwe. Aliyepotea hutafutwa kwa namna ya Luka sura ya 15, na inashangaza kidogo kwamba watu wa takwimu walilifikia neno hilo kabla ya baadhi ya jumuiya zetu.

Turudi Bethzatha, maana tulikimbilia onyo tukaruka mazungumzo ya mwanzo. Mgonjwa alipoulizwa kama anataka kupona, hakusema ndiyo wala hapana. Alieleza kwamba hana mtu wa kumsaidia kuingia majini. Tangu mwaka 2006 nchi yetu imemruhusu mgonjwa wa kifua kikuu kuchagua anywe dawa kituoni au nyumbani, na akichagua nyumbani, awe na msimamizi wa kumwona akimeza kila siku. Jina la msimamizi huandikwa katika kadi ya matibabu. Mara nyingi ni la mke, au la mama. Anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga, akiulizwa na muuguzi, hukaa kimya kwanza, akifikiria amtaje nani.