Kitanda Kabla ya Duka: Pumwani na Eastleigh katika Biashara ya Nchi Kame

Miji ya biashara katika nchi kame aghalabu huelezwa kwa maji. Wajir husifiwa kwa visima vyake, na jina la Nairobi lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Hata hivyo, maji humvuta msafiri tu. Kinachomfanya akae, afungue mzigo na kuuza, ni malazi. Jambo hilo ladhihirika katika mitaa ya Eastlands.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wapagazi, askari na wachuuzi walijijengea vijiji kama Pangani na Mombasa (ndiyo, Nairobi nayo ilikuwa na Mombasa yake). Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya mji ilifungua Pumwani ili kuwakusanya Waafrika mahali pamoja. Jina hilo hufasiriwa kuwa mahali pa kupumua, yaani kupumzika. Mwanaisimu aweza kulihoji umbo lake, lakini maana yake yaafiki kabisa kazi ya mtaa. Wenyeji walijenga nyumba za miti na udongo kwa fedha zao wenyewe, na kila chumba kikapangishwa. Wamiliki wengi walikuwa wanawake, waliopata mtaji kwa kupika pombe, kuuza chakula, na wengine kwa ukahaba. Chumba kilikuwa kwao shamba lisilongoja mvua. Ila ardhi haikuwa yao. Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba walijifunza kwamba kuta ni mali, lakini kiwanja ni ruhusa tu.

Jirani na Pumwani ni Eastleigh, ambayo wakazi wake huiita Islii. Zamani wakazi wake wengi walikuwa Wahindi, pamoja na Wasomali waliofanya biashara ya mifugo tangu enzi ya ukoloni. Mageuzi makubwa yalikuja baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991. Wakimbizi walipanga vyumba katika Garissa Lodge, nyumba ya wageni ya kawaida, wakauza humo nguo na vyombo vya umeme kutoka Dubai. Mchana kitanda kilikuwa meza ya duka. Usiku kilirudia kazi yake. Hatimaye vyumba viligeuzwa maduka, na majumba makubwa ya biashara yakafuata mfano huo. Fedha zilisafiri kwa hawala, neno ambalo Kiswahili kilikuwa nalo zamani, kama katika hawala ya posta. Kilichokuwa kigeni kwa mabenki ya Nairobi hakikuwa kigeni katika kamusi.

Basi udhaifu wa biashara hii hauko katika bidhaa, bali katika haki ya kulala. Aprili 2014, kufuatia mashambulizi ya mabomu mtaani humo, serikali ilianzisha operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Maduka hayakubomolewa, lakini biashara ilidorora, kwani mnunuzi aliyetoka Kampala au Kongo huhitaji siku kadhaa kukusanya mzigo wake, na usiku huhitaji mlango usiogongwa.