Ufaransa: Kampuni ndogo mbele ya himaya ya matangazo ya Google

Google ikiifunga akaunti ya matangazo ya kampuni ndogo, kampuni hiyo ina pa kukimbilia? Mashauri mawili yaliyoamuliwa nchini Ufaransa, moja mwaka 2010 na jingine mwaka 2019, yanaonyesha kwamba pa kukimbilia papo, ingawa njia ya kufika huko yaweza kuwa ndefu.

Mtu anapotafuta jambo kwenye Google, tuseme hali ya hewa au tiketi za ndege, juu ya majibu ya kawaida hutokea viungo vilivyolipiwa. Nafasi hizo hunadiwa papo kwa papo, kila mara mtu anapotafuta. Mwenye biashara hutaja kiasi cha juu anachokubali kulipia neno fulani, Google hukipima kiasi hicho pamoja na ubora wa tangazo lenyewe, na malipo hutozwa pale tu mtu anapolibofya. Huduma hiyo ilijulikana kwa jina la AdWords hadi mwaka 2018, ilipoitwa Google Ads. Kwa biashara isiyo na duka barabarani wala jina linalofahamika, hapo ndipo wateja wanapoingilia. Akaunti ikifungwa usiku, asubuhi mlango hauna mtu.

Navx na kamera za barabarani

Navx ilikuwa kampuni ndogo ya Kifaransa iliyouza orodha za mahali zilipo kamera za kupima mwendo wa magari, ili dereva azipakie katika kifaa chake cha kumwongoza njia. (Madereva wa Tanzania, ambao kipimo cha askari wa barabarani wamekibatiza jina la tochi, hawahitaji kuelezwa kwa nini bidhaa hiyo ilipata wanunuzi.) Mwezi Novemba 2009 Google iliifunga akaunti ya Navx, ikisema kwamba kanuni zake zinakataza matangazo ya vifaa vya kukwepa udhibiti wa mwendo barabarani. Navx ilijibu kwamba haiuzi mtambo wa kuvuruga kamera, bali taarifa ambazo sheria ya Ufaransa wakati huo iliruhusu kuuzwa, na kwamba washindani wake waliendelea kutangaza bidhaa ya namna ileile.

Kampuni hiyo ilipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Ufaransa, na tarehe 30 Juni 2010 Mamlaka ikatoa amri ya dharura: akaunti ya Navx irudishwe katika muda wa siku 5, na Google ifafanue kanuni zake. Amri kama hiyo haitolewi ovyo. Mlalamikaji hulazimika kuonyesha kwamba anapata madhara makubwa ambayo hayawezi kungoja uchunguzi ukamilike. Oktoba mwaka huohuo shauri lilimalizika kwa Google kuahidi kuzieleza kanuni zake kwa uwazi zaidi na kuwaarifu mapema wenye matangazo pindi inapozibadilisha.

Gibmedia: mlalamikaji asiye malaika

Shauri la pili ni gumu zaidi, na kwa maoni ya mwandishi ndilo lenye mafunzo mengi. Gibmedia iliendesha tovuti za hali ya hewa, za taarifa za makampuni na za kutafuta namba za simu. Januari 2015 akaunti yake ilifungwa bila onyo. Google ilidai kwamba tovuti hizo ziliwatoza watu fedha kwa masharti yasiyoeleweka, na kwamba ililazimika kuwalinda watumiaji wake. Safari hii Mamlaka ilikataa kutoa amri ya dharura, lakini haikulifunga jalada.

Tarehe 19 Desemba 2019, karibu miaka 5 baada ya akaunti kufungwa, Google ilitozwa faini ya euro milioni 150. Mamlaka haikusema kwamba biashara ya Gibmedia ilikuwa safi, wala kwamba Google haina haki ya kuwalinda watumiaji. Ilisema kuwa lengo hilo ni halali, lakini kanuni zilizoandikwa ili kulifikia hazikueleweka, zilibadilishwa mara kwa mara, na hazikutumika kwa usawa: tovuti moja ilifukuzwa, nyingine yenye huduma zinazofanana nayo ikaachwa. Google iliagizwa kuziandika upya kanuni zake, kuweka utaratibu bayana wa kusimamisha akaunti na kuwapa mafunzo wafanyakazi wake. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ya Paris iliikatalia rufaa yake.

Kwa nini Google, si kila tovuti?

Kwa kawaida mfanyabiashara yuko huru kumkataa mteja. Google ilibanwa kwa sababu ya ukubwa wake. Mamlaka iliona kwamba zaidi ya asilimia 90 ya utafutaji wa mtandaoni nchini Ufaransa ulipitia kwake, na kwamba fungu lake katika matangazo yanayoambatana na utafutaji huenda lilizidi asilimia 75. Anayelitawala soko kiasi hicho hubeba wajibu ambao mshindani mdogo hana, na anayefukuzwa naye hana dirisha la pili la kubisha hodi.

Umoja wa Ulaya una kanuni inayozilazimisha tovuti za kukutanisha wauzaji na wanunuzi kutoa sababu kwa maandishi kabla ya kumfungia muuzaji. Ilianza kutumika Julai 2020. Hata hivyo, tofauti na wanavyodhani wengi, kanuni hiyo imeziacha nje zana za matangazo ya mtandaoni za aina hii. Ndiyo maana sheria ya ushindani imeendelea kuwa na uzito mkubwa katika migogoro ya namna hii.

Kuna jambo jingine ambalo vichwa vya habari vya 2019 havikulipa nafasi. Ile euro milioni 150 haikwenda kwa Gibmedia. Faini ya Mamlaka ya Ushindani huingia katika hazina ya taifa, na kampuni inayotaka fidia ya mapato iliyoyapoteza hulazimika kufungua kesi nyingine mahakamani, kwa gharama zake yenyewe.